Hesabu ya Wengi na Haki ya Mmoja

"Wengi wape," husema wahenga, na aghalabu msemo huo hutumiwa kuufunga mjadala. Mwenyekiti wa mkutano autamkapo, yule mmoja aliyebaki na hoja yake huketi chini, na mkutano huendelea na shauri linalofuata. Katika makala haya twataka kumsimamisha tena huyo mmoja aliyeketi, tumwulize alikuwa na neno gani. Maana, kwa maoni yetu, swali la wengi na mmoja ndilo kiini cha falsafa ya maadili pale inapotoka vitabuni na kuingia katika ofisi ya mtumishi wa umma.

Wako wasomi wanaodhani kwamba falsafa ya maadili ni bidhaa ya Ulaya iliyoletwa na meli, na wako wengine wanaodhani kwamba sisi tunazo methali, na kwamba hizo zatosha. Hatukubaliani na upande wowote. Methali ni hekima, lakini methali si hukumu. "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" zaweza kutoka kinywani mwa mzee yule yule siku moja, na ni juu ya msikilizaji kutambua ipi inafaa kwa jambo lililo mbele yake. Kueleza kwa nini inafaa hii wala si ile ndiyo kazi ya falsafa, na kazi hiyo haina kabila wala rangi.

Nadharia iliyo karibu zaidi na "wengi wape" ni ile ya manufaa ya wengi, iliyotungiwa mfumo na Mwingereza Jeremy Bentham (1748-1832). Kwa kauli yake, tendo jema ni lile liletalo furaha nyingi zaidi kwa watu wengi zaidi. Tusiidharau kauli hii kwa sababu ya wepesi wake. Katika nchi ya makabaila ambamo maumivu ya mkulima hayakuwa na uzito, Bentham alitaka furaha ya mkulima ipimwe kwa kibaba kile kile ambacho hupimiwa furaha ya bwana wake. Mfuasi wake, John Stuart Mill (1806-1873), aliinyosha nadharia hiyo, akaitetea kwa ufasaha mkubwa. Mill si mgeni kwetu. Katika miaka ya 1940 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, aliandika insha juu ya hali ya mwanamke katika jamii zetu, akiongozwa na hoja za Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake.

Lakini Mill alikuwa pia mtu wa ofisi. Kuanzia mwaka 1823 hadi 1858, yaani miaka 35, aliajiriwa London na Kampuni ya Uhindi Mashariki, akitunga barua na maagizo ya kuwatawala watu wa Bara Hindi. Hakukanyaga ardhi ya India hata siku moja. Na katika kitabu chake juu ya uhuru, kilichotoka mwaka 1859, mtu huyu aliyemlinda mmoja dhidi ya wote kwa nguvu ambazo waandishi wachache wamezifikia, aliweka kando mataifa aliyoyaona kuwa hayajapevuka: hayo, alisema, yaweza kutawaliwa kwa mabavu, mradi lengo liwe kuyaendeleza. Sisi tulio katika utumishi twamfahamu mtu huyu pengine kuliko wanavyomfahamu wanafalsafa. Ndiye anayejua maslahi ya watu kwa kusoma jalada. Hana nia mbaya, na takwimu zake huenda ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukamcheka Mwingereza wa karne ya 19. Lakini hesabu ya namna hiyo tumeifanya sisi wenyewe, tena kwa nia njema kuliko ya Kampuni, na ni wajibu wetu kuitazama bila kupepesa macho.

Mwaka 1967, katika andiko la Ujamaa Vijijini, ilielezwa bayana kwamba watu wataishi na kufanya kazi pamoja kwa hiari, baada ya kushawishiwa. Huko Litowa, Ruvuma, wako waliokuwa wameanza kufanya hivyo kwa hiari yao tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alirudia kwamba binadamu haendelezwi na mwingine, bali hujiendeleza. Kisha, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Taarifa ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, iliyotolewa mwaka 1977, ilieleza kwamba zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji 7,684.

Hesabu iliyoongoza amri ile haikuwa ya uongo. Nyumba zilizotawanyika porini, moja hapa na nyingine mwendo wa saa moja kule, haziwezi kujengewa kila moja shule, zahanati na bomba la maji. Katika sensa ya mwaka 1967 karibu theluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kabla ya mwaka 1977 kwisha, elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza. Baadhi yetu tuliojifunza herufi katika madarasa ya vijiji vile, tukiandika kwa kijiti mchangani kwa uhaba wa daftari, ni matunda ya hesabu hiyo, na ungekuwa utovu wa shukrani kuikana.

Hata hivyo, kulikuwa na mambo yasiyoingia katika hesabu. Wako waliohamishwa wakaacha migomba na mikorosho yao, wakapangiwa viwanja kando ya barabara, mbali na mashamba waliyoyajua udongo wake. Mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mwenyewe asipate pa kurudi. Ukame wa mwaka 1974 ukawakuta wengine hawajapanda, na taifa likalazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Na tusisahau makaburi. Katika daftari la mpimaji kaburi la babu halina safu yake. Lakini kwa yule aliyezoea kulifagia, kuliacha ni jambo lisilopimika kwa kilomita.

Mfuasi wa Bentham atatujibu upesi: basi mlikosea kujumlisha, ongezeni kaburi, ongezeni mkorosho, kisha pigeni hesabu upya. Jibu hili ni zuri kuliko linavyoonekana, na makosa mengi ya mipango yetu yangeepukika kama lingezingatiwa. Lakini tuiendeleze hoja. Tuseme hesabu ingekuwa timilifu: mvua ingenyesha, mazao yangeongezeka, na mzee aliyetolewa kwake kwa nguvu angekula vizuri kuliko awali. Je, hapo tungesema kwamba hakutendewa ubaya wowote? Sisi hatuwezi kusema hivyo. Kosa la kujumlisha ni jambo moja, na kumkosea mtu ni jambo jingine. Mtu aweza kukosewa na huku akashiba.

Tofauti hiyo ilielezwa vizuri na Mjerumani Immanuel Kant (1724-1804). Mwaka 1785 aliandika kwamba ubinadamu, ndani yako na ndani ya mwenzio, usitumiwe kamwe kama chombo tu, bali siku zote uheshimiwe kuwa ndilo lengo lenyewe. Linalotuhusu zaidi ni lile alilolisema mwaka 1793: kwamba serikali inayowatendea raia kama baba anavyowatendea watoto wasiojua lililo jema kwao ndiyo udhalimu mkubwa kuliko wote uwezao kufikirika. Kauli hiyo ni nzito kwa taifa kama letu, lenye desturi ya kumwita kiongozi baba, tena kwa mapenzi ya kweli. (Huyu Kant naye aliandika maneno ya aibu juu ya watu weusi. Dira yake twaichukua; matusi yake na abaki nayo.)

Maneno ya Kant hayakubaki Ulaya. Mwaka 1992 ilitungwa hapa nchini sheria iliyofuta haki za ardhi za kimila katika vijiji vilivyoundwa wakati wa operesheni, tena ikazuia madai hayo yasisikilizwe mahakamani. Mwananchi mmoja wa Mkoa wa Arusha pamoja na mwanawe, waliokuwa wamekwisha kuirejesha ardhi yao kwa hukumu, wakaipinga sheria hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki ni kuivunja Katiba. Watu wawili walisimama mbele ya hesabu ya mamilioni, na mahakama haikuuliza kwanza wako wangapi.

Je, basi tumfuate Kant katika kila jambo? La. Mwaka 1797 aliandika kwamba haifai kumdanganya hata muuaji anayeuliza rafiki yako kajificha wapi. Bibi yeyote wa kijijini angemwelekeza muuaji huyo njia ya kisima, kisha akaenda zake kupika bila dhamiri kumsumbua. Kanuni isiyo na macho huweza kuua. Na mto ukifurika usiku, ofisa anayesubiri akidi ya mkutano itimie ndipo awaondoe watu bondeni hastahili sifa ya kuheshimu hiari yao.

Hapa ndipo Aristotle, aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, anapotufaa. Yeye hakuanza na tendo wala kanuni. Alianza na mtu mwenyewe na tabia aliyoizoea. Aliamini kwamba wema hupatikana kwa mazoezi, kama ufundi wa seremala, na kwamba juu ya fadhila zote panahitajika busara, yaani jicho la kuona jambo hili, mahali hapa, kwa mtu huyu, linataka nini. Hebu tuwawazie makatibu tarafa wawili waliopokea amri moja siku moja. Wa kwanza aliwaendea watu mapema, akasubiri wavune, akawaacha wabebe miti na milango yao, akauliza wazee maji yako wapi kabla ya kupima viwanja. Wa pili alikuja na lori alfajiri. Katika taarifa iliyokwenda wilayani wote wawili waliandika idadi ile ile ya kaya. Taarifa haikuweza kuonyesha tofauti yao, lakini waliohamishwa hawakuisahau.

Kiswahili, kwa maoni yetu, kina neno linalotufikisha mbali zaidi hapa, nalo ni utu. Kant aliiweka heshima ndani ya yule anayetendewa. Lugha yetu humtazama pia yule anayetenda. Mtu akiporwa au akipigwa hatusemi kwamba amepoteza utu. Twasema aliyempiga hana utu, ametenda unyama, si mtu. Anayedhulumiwa hupoteza shamba na mlango wake. Anayedhulumu hupoteza utu. Kwa hiyo ofisa anayetekeleza amri hawezi kujificha nyuma ya hesabu iliyopigwa na wakubwa wake, kwa kuwa linalopungua wakati wa kutekeleza linapungua ndani yake yeye.

Shaaban Robert, mshairi aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, aliligusa jambo hili katika Adili na Nduguze. Adili, liwali mwadilifu, huwapiga kila usiku manyani wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Anawapiga kwa amri asiyothubutu kuivunja, na usiku baada ya usiku hapana linalobadilika. Mambo yalianza kubadilika pale Mfalme Rai alipotaka kujua sababu, akasikiliza kisa chote, akawaombea. Hesabu ya makosa ya manyani wale haikubadilika. Kilichoongezeka ni mtu mwenye mamlaka aliyeuliza na kungoja jibu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imejaribu kuufanya ulizo huo kuwa utaratibu, kwa kutaka mkutano wa kijiji usikilizwe kabla ardhi yake haijahamishiwa matumizi mengine. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, sisi tuliosoma mihtasari ya mikutano ya namna hiyo twajua inavyoandikwa: wajumbe walijadili, wakakubali kwa kauli moja. Mara chache sana huandikwa kwamba mama mmoja alisimama akauliza makaburi ya wanawe yatakuwaje, wala alijibiwa nini, wala kama aliridhika. Tungependekeza kwamba katika kila muhtasari unaohusu kuhamisha watu iwepo sehemu ya lazima, chini ya idadi ya waliokubali, ambamo karani ataandika maneno ya yule asiyekubali kama alivyoyasema mwenyewe, kisha muhtasari usomwe mbele yake kabla haujatiwa sahihi.