Uchovu wa Adhuhuri

Mtu wa miaka arobaini huenda akaamka asubuhi moja, hali ana afya, shamba lipo, watoto wapo, lakini moyo wake hautaki tena kitu. Jembe lamlemea, ingawa si zito kuliko jana. Awaza kwenda mbali na kuanza maisha mengine. Majirani husema: Amekuwa mvivu. Wengine husema: Amerogwa. Naye mwenyewe aona haya, anyamaza. Je, mtu huyu ana kosa? Naye afanye nini?

Jambo hili si geni. Habari moja ya kale yalieleza vema.

Yapata miaka 1600 iliyopita aliishi Evagrius wa Ponto, shemasi mwenye elimu na sifa nyingi mjini Konstantinopoli. Alinaswa na mapendo ya mke wa mkubwa mmoja wa mji. Akaogopa, akakimbilia Yeruzalemu, karibu na mwaka 382. Huko moyo wake ukasitasita, hakujua ashike njia ipi. Ndipo homa ikamwangusha miezi sita, na waganga hawakuweza kumponya.

Mama mmoja mtawa, jina lake Melania, akatambua kwamba ugonjwa ule si wa mwili tu. Hakumwambia ajikaze. Alimwomba aseme yaliyomo moyoni. Evagrius akamfunulia yote, akaahidi kushika maisha ya kimonaki. Melania akamwombea, na baada ya siku chache akapona. Kisha akaenda Misri, akakaa jangwani hata kufa kwake mwaka 399.

Huko jangwani alijifunza tena uchovu wa moyo, akauandika. Alisema kwamba humjia mmonaki tangu saa nne hata saa nane ya mchana. Jua laonekana halisogei. Mmonaki achungulia nje mara kwa mara, achukia kibanda chake na kazi ya mikono yake, adhani ndugu zake hawampendi tena, atamani mahali pengine. Evagrius alishauri asitoroke saa ile, asione haya kulia, na nafsi yake iwe kama watu wawili, mmoja akimfariji mwenzake.

Basi, tazameni neno hili. Evagrius aliukimbia mji, na kukimbia kule kulimwokoa. Lakini alimkataza mmonaki kukikimbia kibanda chake. Kuna kuhama kuliko kwema, na kuna kuhama kunakopoteza, nako kote kwatoka katika moyo uliochoka. Mwenye kuchoka atapambanuaje? Peke yake ni vigumu sana. Evagrius mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, hakuweza mpaka aliposema na mtu mwingine.

Kwa hiyo kuchoka si kosa. Mvivu hataki kuubeba mzigo. Aliyechoka ameubeba kupita nguvu zake. Kosa laweza kuingia baadaye, mtu akiutii uchovu wake gizani: akimwacha mke, akiuza shamba, akiufuata ulevi, bila kuuliza mtu.

Tena si haki kumtupia mchovu lawama yote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu utokao katika kazi: nguvu kwisha, kuichukia kazi, na kuona kwamba haizai matunda. Halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Lilisema hutokana na taabu za kazini za siku nyingi zisizotengenezwa vema. Basi mwenye kugawa kazi, awe bwana wa kazi ama baba wa nyumba, naye ajiulize kama mzigo alioutoa wachukulika.

Mwenye moyo mzito amtafute mtu mwenye busara atunzaye siri: mzee, rafiki, padri. Akikosa usingizi siku nyingi ama akiwaza kifo, apelekwe kwa daktari bila kukawia. Naye amwonaye jirani ameketi mlangoni asubuhi nzima, jembe likiwa chini, asimcheke. Aketi karibu naye, amwulize kwa upole, kisha asikilize mpaka mwisho.