Nguvu za Mkono na Thamani ya Mtu

Huko Chamwino, uwele na mtama vikomaapo, vijana hushinda shambani na makombeo yao wakiwafukuza ndege. Jioni mzee hamwulizi mwanawe jiwe lake lilifika wapi. Amwuliza kama alikaa zamu yake mpaka mwisho. Hekima hiyo ya wakulima twaikumbuka tutafakaripo habari za Julius Yego, mrusha mkuki wa Kenya.

Nchi yake yasifika kwa wakimbiaji. Yeye alichagua mkuki, wenye uzito wa gramu 800, na kwa kukosa mwalimu alijifunza kwa kutazama katika intaneti jinsi mabingwa wa Ulaya walivyorusha. Mwaka 2015, huko Beijing, aliurusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, huko Rio de Janeiro, alirusha mita 88.24, kisha akaumia mguu asiweze kuendelea. Akapata medali ya fedha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, hakufika hata fainali.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Je, mtu yule aliyeshangiliwa Beijing alikuwa amepungua thamani alipofika Tokyo?

Wako wasemao kwamba mchezo ni kipimo, na kipimo hakina huruma. Ni kweli: kumpa medali asiyeshinda ni kumdhulumu aliyeshinda. Lakini utepe hupima safari ya mkuki, haumpimi mrushaji. Nguvu za mkono ni kitu cha kuazima: ujana huzileta, umri na maumivu huzichukua. Kilicho chake mtu ni ile nia ya kurudi kazini ingawa makofi yamekoma. Mwaka 2024, akiwa na miaka 35, Yego alirudi uwanjani huko Paris, akarusha mita 87.72, akawa wa tano.

Nasi wazazi hatuna budi kujihoji. Mara ngapi twamsifu mtoto aliyeongoza darasani, tukamnyamazia ndugu yake aliyejitahidi vilevile? Mara ngapi mzee aliyetulimia huachwa barazani peke yake, kwa kuwa hashiki tena jembe? Nyumba ipimayo watu wake kwa mazao yao tu itamtupa kila mmoja siku yake ifikapo, hata yeye aliyekuwa akipima.

Basi kijana arudipo jioni kutoka shambani, tumkaribishe kwanza. Habari za jiwe zitafuata.