Nani Aamue Chombo Kitoke?

Mucojo iko pwani, katika wilaya ya Macomia, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wakazi wake wengi ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ina undugu na Kiswahili chetu. Katikati ya mwaka pwani hiyo hupigwa na upepo wa kusi. Baridi yake si ya theluji, lakini mvuvi aliyelowa maji ya chumvi alfajiri ya mwezi wa saba anajua kipupwe ni nini. Bahari huchafuka, na vyombo vingi ni vya tanga na kasia. Hapo ndipo linapozuka swali langu: bahari imechafuka na nyumbani hakuna kitu, nani ana haki ya kuamua chombo kitoke?

Jibu la haraka ni nahodha. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nakubaliana nao chombo kikiwa majini, kwani wimbi halingoji kikao. Lakini ufukweni, kabla nanga haijang'olewa, nafasi ya maneno bado ipo, na roho zinazokwenda hatarini si ya nahodha peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mabaharia hupanda kwa hiari yao. Hiari gani? Aristotle alitoa mfano wa watu wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba ili wajiokoe. Hakuna mwenye akili atupaye mali yake bure, ila dhoruba ikimbana huamua kuitupa. Tendo lake lina hiari ndani yake, na lina shuruti pia. Mvuvi mwenye njaa yuko vivyo hivyo, isipokuwa dhoruba yake imeanzia jikoni, na anachokihatarisha si shehena bali mwili wake.

Tutazame pia mgao. Katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki samaki hugawanywa mafungu, na chombo chenyewe kina fungu lake, ambalo humfikia mwenye chombo hata kama amelala nyumbani. Baharia asiyekwenda hana fungu. Basi anayepata bila kulowa na anayekosa kwa kuogopa kufa hawasemi kwa nguvu sawa siku ya kuamua.

Je, watu wasivue wakati wa kusi? Sisemi hivyo. Jimbo hilo limo vitani tangu Oktoba 2017, na tarehe 25 Aprili 2019 lilipigwa na Kimbunga Kenneth. Kuwaambia watu waliopoteza hivyo wangoje kaskazi ni kuwaambia wafe polepole.

Ninachosema ni kwamba nahodha ana haki ya kutoka pale tu ambapo baharia anaweza kusema "leo siendi", na kesho akakuta nafasi yake bado ipo. Si lazima apewe fungu la siku hiyo. Lazima asiitwe mwoga, wala asifukuzwe. Bila hivyo, ukimya wake ufukweni hauwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa.

Na siku mabaharia wote watakapokataa, nahodha asiwaone waasi. Aone kwamba watu wanaoijua bahari kama yeye wamempa jibu lao kabla bahari haijampa lake.