Je, Kutokusudia Kwatosha Kutuondolea Hatia?

Adhulumuye kwa makusudi, kila mtu humjua na kumlaumu. Lakini yako madhara mengine yatendwayo na watu wema, wasiomchukia mtu yeyote, wala hawajui kwamba wanayatenda. Je, hao nao wana hatia?

Swali hili linatokana na habari za Marekani. Mwaka 2018 wataalamu wa George Washington University walitangaza waliyoyaona katika taarifa za magari ya wagonjwa za miaka 2010 hadi 2013. Kati ya waliolalamikia maumivu ya kifua, wanawake waliopewa aspirini walikuwa pungufu kuliko wanaume, tofauti ikiwa karibu watu 3 katika kila 100. Waliokimbizwa hospitali kwa king'ora walipungua kwa karibu 5 katika kila 100. Hata moyo uliposimama kabisa, wanawake walishtuliwa kwa mashine mara chache zaidi.

Watatetewa wahudumu hao kwamba ugonjwa wa moyo kwa mwanamke mara nyingine hujificha: huja kwa uchovu, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo. Ni kweli. Lakini hawa waliohesabiwa walilalamikia kifua chenyewe, sawasawa na wanaume. Basi lawama yote haiwezi kutupwa juu ya dalili. Hapana budi kulichunguza pia sikio lililozisikia, ambalo limezoea tangu zamani kudhani kwamba moyo ni ugonjwa wa wanaume.

Wengine watataja heshima. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kati ya watu walioanguka hadharani kwa kusimama moyo, wanaume 45 katika kila 100 walisukumwa kifua na watu waliokuwapo. Wanawake walikuwa 39 tu. Yamkini wengi waliona haya kumgusa mwanamke kifuani. Lakini heshima iliwekwa ili kumlinda mtu. Ikimwacha afe, imemlinda nani?

Turudi kwenye swali letu. Asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana hatia. Lakini mwuza nafaka aliyekwisha kuonyeshwa kwamba mizani yake imepinda, naye akaendelea kupimia mizani hiyo hiyo, hawezi tena kusema hakukusudia. Tangu siku ile aliyoonyeshwa, upungufu wa kila kibaba ni wake.

Kwa hiyo wenye magari ya wagonjwa yawapasa kuhesabu huduma zao, za wanaume mbali na za wanawake mbali, na kuwafundisha watu wao kwa sanamu za maumbo yote mawili. Nasi wasomaji tunayo mizani yetu nyumbani. Baba akishika kifua, nyumba nzima hukimbia kutafuta gari. Mama akisema pumzi inamwishia, huambiwa apumzike kidogo. Tuipime mizani hiyo leo, kabla ya siku ya ugonjwa.