Mkono Uwezao na Mkono Utumikao

Aliyepatwa na kiharusi aweza kuinua kikombe mbele ya tabibu, lakini nyumbani mkono uleule ukalala pajani mchana kutwa. Ndiyo maana wataalamu hawakutosheka na kupima nguvu tu. Huko Marekani, Edward Taub na wenzake walitunga kipimo cha kumwuliza mgonjwa juu ya kazi 30 za kila siku, kama kuwasha taa, kufungua mlango na kupiga mswaki. Kila kazi hupewa alama 0 hadi 5: mkono ulitumika kiasi gani, na vizuri kiasi gani? Kwani mtu akishindwa mara kwa mara siku za mwanzo, huzoea kuuacha mkono hata uwezo urudipo. Huo si uvivu. Basi tusimlaumu, wala tusimfanyie kila kitu kwa huruma.

Nasi wenye afya tujiulize vivyo hivyo. Asiye na uwezo hana lawama. Lakini sisi tuliopewa, mikono yetu imemlisha nani, imemwinua nani? Tutajibu nini siku ambayo mikono yenyewe itashuhudia? Mwenyezi Mungu atujalie kuitumia neema Yake. Amin.