Jina la chuo na jina la mtu

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana, katika kambi moja hapa Muyinga, nilikaa kwenye meza ya kuchagua mwalimu wa hesabu. Dosiye zilikuwa nyingi, siku ni moja tu. Moja ilikuwa ya kijana aliyesoma chuo kidogo huko Kivu ya Kusini. Nikauliza, “Hiki chuo nani anakijua?” Kimya. Nikaiweka kando, na hakuna aliyenipinga. Nafasi akapewa mwenye diploma ya chuo kikubwa cha Bujumbura.

Usiku ule sikulala vizuri, maana hadithi hiyo naijua. Mimi ni mtu wa Gishubi, Gitega. Nilisoma kambini Mtabila, Tanzania, na kambi ilipofungwa mwaka 2012 nikarudi na cheti changu. Kila nilipobisha hodi walikiangalia, wakacheka kidogo: “Aa, shule ya wakimbizi!” Hakuna aliyenipa chaki nijaribu.

Basi, je, ni dhambi kuangalia jina la chuo? Tuseme ukweli, si dhambi. Mwenye kuajiri hawezi kumjua kila mtu, na mwalimu mbaya anaharibu watoto wetu. Chuo Kikuu cha Burundi kipo tangu 1964. Watu wamewaona wahitimu wake wakifanya kazi, ndiyo maana wanakiamini. Sifa hiyo haikuja bure.

Lakini sifa ni ushahidi wa kusikia. Inasema habari za waliotangulia, haisemi habari za huyu aliye mbele yako. Tena chuo chenye jina mara nyingi huchagua wanafunzi ambao tayari ni wazuri, halafu kinasifiwa kana kwamba kimewaumba. Na mkimbizi hachagui: anasoma pale vita ilipomwachia nafasi. Ukimpima kwa jina la chuo, unampima kwa mahali alipokimbilia.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataka nchi ziwe na moyo mwema kadiri iwezekanavyo katika kutambua vyeti vya nje. Ni vizuri. Ila sheria ikikitambua cheti na meza ikakidharau, mkimbizi amepata nini?

Nilimtafuta yule kijana. Anauza vocha za simu. Nikamwambia yote. Hakunitukana, alisema tu: “Mzee, mungeniuliza hata swali moja.”

Ninyi mnaokaa kwenye meza hizo, wa mashirika na wa kamati, ombi langu ni dogo: ubao, chaki na nusu saa. Kila mmoja afundishe somo lilelile, majina ya vyuo yakiwa yamefunikwa. Dosiye isomwe baadaye.

Nafasi ile siwezi kuirudisha, mwaka wa shule umeshaanza. Ikitoka nyingine, dosiye yake nitaipeleka mwenyewe, na safari hii mezani sitakaa.