Msitu Wenu, Daftari Lenu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Haya, daftari la msitu wenu liko wapi? La chemchemi je, la malisho? Kama liko mjini, na aliyeliandika alipita kijijini siku moja kwa gari, hilo si lenu.

Waogiek wa Nessuit, pembezoni mwa Msitu wa Mau nchini Kenya, waliandika la kwao mwaka 2006. Walikata kadibodi kwa kufuata mistari ya mwinuko, wakazigundisha tabaka juu ya tabaka, mpaka mfano wa milima na mabonde yao ukasimama mbele ya macho yao: sentimita 1 kwa kila mita 100 za ardhi. Vijana wa shule waliunganisha, kisha wazee wakasogea. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Kwa uzi, pini na rangi, kila kilichokuwa vichwani mwao kikapata mahali pake.

Msitu huo wa Mau ndio unaozaa Mto Mara, unaowanywesha nyumbu wa Serengeti. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitamka kuwa Kenya ilivunja haki za Waogiek, na kwamba uhifadhi wa Mau si sababu ya kuwatoa humo. Hukumu haikuletwa na kadibodi. Ililetwa na miaka mingi ya kudai bila kuchoka. Lakini anayeweza kuweka kidole mahali na kupataja jina, huyo hasukumwi kirahisi.

Nanyi mnaweza kujenga mfano wenu! Mwiteni mama anayechota maji, maana ndiye ajuaye kisima kinachopungua. Mwiteni mchungaji na mrina asali. Mwiteni hata mchoma mkaa. Anajua miti ilipoishia. Kubalianeni kwanza rangi ipi ni nini. Mahali pa siri, pa matambiko, pabaki siri yenu.

Kisha ulizeni mfano wenu maswali magumu. Mvua zikikosekana, ng'ombe wapite wapi? Tukilima huku juu, kisima cha bondeni kitakuwaje? Sogezeni uzi, hamisheni pini, bishaneni mpaka jioni. Heri kubishana juu ya kadibodi kuliko kukatana mapanga kisimani.

Mtaalamu akija, karibuni sana. Aketi, asikilize, alete hesabu zake za mvua na udongo, nanyi mlete zenu. Akiondoka, aondoke na nakala. Mfano wenyewe ubaki kijijini, mtoto aushike, auulize.

Msingoje mradi, msingoje bajeti. Kadibodi zipo dukani, gundi ipo. Kisichongoja ni umri: mzee anayezijua chemchemi zote kwa majina hana miaka mingi iliyobaki. Mwiteni wiki hii, mumpe kiti na pini mkononi, kabla hajaondoka na daftari lenu.